Mwanakombo na Bwawa Lisilotoka Hata Tone

Hapo zamani, katika mji wa Kiwambo, alikuwako sultani jina lake Mahfudhi, naye hakuwa mbaya kuliko masultani wengine, ila hakupenda kusikia kwamba mtu mwingine ana kitu asicho nacho yeye. Basi siku moja alifikiwa na mgeni, Liwali wa Tumbini. Wakaketi, wakanywa kahawa, na katika mazungumzo Liwali akasema kwamba kwake ana bwawa ndani ya bustani, na kandokando ya bwawa hilo kuna mimea ya majini, naye alasiri huketi hapo akatazama.

"Hutazama nini?" akauliza Sultani.

"Maji."

"Na maji hufanya nini?"

"Hayafanyi kitu, Bwana wangu. Ndiyo raha yake."

Mgeni akaenda zake. Sultani akakaa siku tatu bila kusema na mtu, na siku ya nne akaita waashi.

Mto uliopita ubavuni mwa Kiwambo ulikuwa mmoja, tena mdogo, nao uliteremka hadi kitongoji cha Bondeni, ambako watu walilima mpunga na kukata ukangaga, ule unyasi wa majini wanaosukia majamvi. Sultani akaamuru mto ugeuzwe uingie bustanini mwake, na mahali pa kutokea pakajengwa ukuta wa mawe. Waziri wake, aliyeitwa Badawi, akauliza, "Na yakijaa, Bwana?"

"Yakijaa yamejaa. Lakini kuteremka Bondeni, hata tone lisitoke."

Basi Waziri akachimba mfereji pembeni, akasema ni wa tahadhari, na mfereji ule ukaishia katika shamba lake la miwa. Mwaka ule miwa ya Waziri ilikuwa mirefu.

Watu wa Bondeni wakaja kushtaki. Wakajibiwa kwamba maji yao hayakuchukuliwa, yamepumzishwa tu. Wakarudi. Kisima cha karibu kilikuwa cha chumvi, na chemchemi iliyobaki ilikuwa mbali. Mwanamke aliyetoka alfajiri na mtungi alirudi jua likiwa utosini. Wakakutana wakakata shauri: ikiwa vuli ya mwaka wa pili itafika na mto haujarudi, watahama, kila mtu aende kwa jamaa zake, na Bondeni libaki jina.

Ikawa bwawa lenyewe nalo halimpendezi Sultani, kwa sababu kila kilichopandwa hapo kilikufa. Mtunza bustani wa kwanza alipanda asumini ukingoni, mizizi ikaoza. Wa pili alitia samadi ndani ya maji, na maji yakawa mazito na ya kijani mithili ya mlenda. Wa tatu alikuwa mtu mtiifu. Aliposikia Sultani anataka maua majini, aliingiza mawaridi majini. Wote watatu wakatiwa gerezani. Huko mlinzi wa gereza akawapa kipande cha ardhi, wakamlimia mchicha, na mchicha ukastawi.

Basi ikapigwa mbiu: "Sultani anamtaka mtu wa kumpandia bwawa mimea isiyokufa. Muda ni mwaka mmoja, vuli hadi vuli. Atakayeweza atatunzwa. Atakayeshindwa atawafuata wenziwe watatu."

Huko Bondeni, katika kibanda cha mwisho kabisa, alikaa mwanamke msusi wa majamvi, jina lake Mwanakombo. Hakuwa na mume wala shamba, na watu walimwita punguani, kwa sababu alishika maneno kama yalivyosemwa. Aliwahi kuambiwa na jirani, "Niangalizie nyumba, ninakwenda mazikoni." Mbuzi wakaingia wakala unga wote. Jirani aliporudi akapiga kelele, na Mwanakombo akamwambia, "Nyumba si hiyo? Hata mlango haujapungua." Tangu hapo hakuagizwa tena, naye akapata nafasi ya kusuka.

Aliposikia mbiu akainuka, akajifunga kaniki yake, akachukua kisu cha kukatia ukangaga. Jirani yake, Bi Nunu, akamzuia njiani.

"Shoga, waenda wapi na kisu?"

"Kwa Sultani. Anataka mtu wa kumpandia bwawa."

"Ndilo bwawa lenye maji yetu?"

"Ndilo."

"Mwizi kakuibia nyumba, nawe waenda kumfagilia."

"Siendi kufagia, nakwenda kupanda."

"Tena utapanda nini? Mbegu utatoa wapi?"

"Hapa kwetu. Yamebaki mayungiyungi kidogo pale kwenye tope, na mafunjo. Yakikaa hapa mwezi mmoja yatakauka."

Bi Nunu akatema mate. "Basi mpelekee yote. Maji ameshachukua, na tope ulibebe umpelekee."

"Na tope pia, shoga," akasema Mwanakombo. "Haviishi bila tope."

Bi Nunu akaenda kusimulia mtaani kwamba Mwanakombo sasa amekuwa punguani kweli.

Mwanakombo akafika barazani, akasalimu, akaruhusiwa kusema. Sultani akamtazama toka miguuni, penye tope, hadi kichwani.

"Ewe mwanamke, unajua mimea isiyokufa?"

"Naijua, Bwana. Ndiyo iliyonilea."

"Na unajua atakayeshindwa anakwenda wapi?"

"Kwenye mchicha."

Watu wakacheka kidogo. Sultani akasema, "Ukiweza, nitakutunza."

"Kutunza kupi, Bwana? Maana mimi ni mjinga wa maneno. Kuna kumtunza mcheza ngoma, abandikwe sarafu kwenye paji la uso aende zake. Na kuna kutunza mtoto, kila siku ale na aogeshwe. Neno ni moja, ila shughuli ni mbili."

Sultani alijiona mtu wa kipimo, asiyetoa kitu bila kukipima. Akafikiri, akasema, "Nitakutunza kama utakavyoitunza mimea yangu. Hivyo hivyo, bila kuzidi wala kupungua."

Waziri akainama akamnong'oneza, "Jibu jema, Bwana. Mimea hula tope."

Sultani akatabasamu.

"Na iandikwe, Bwana wangu," akasema Mwanakombo, "maana mimi husahau."

Ikaandikwa, ikatiwa muhuri.

Basi Mwanakombo akaanza kazi. Siku ya kwanza hakupanda kitu. Aliingia bwawani, akalizunguka akipima maji kwa mguu wake, mahali pa kifundo, mahali pa goti, mahali pa kiuno, akatoka. Askari wa mlango wa bustani, aliyeitwa Feruzi, akamwuliza alikuwa akitafuta nini. Akamwambia, "Mmea hauhamishwi mpaka ujue maji yake." Kisha akataka kwenda zake, na Feruzi akamzuia.

"Kamua kwanza, mama."

"Nikamue nini?"

"Kaniki. Amri ni kwamba hata tone lisitoke kuteremka Bondeni, na wewe unateremka Bondeni."

Mwanakombo akarudi ukingoni, akaikamua kaniki yake ndani ya bwawa, Feruzi akitazama. Ikawa ndiyo desturi ya kila jioni. Feruzi alikuwa mtu wa haki. Siku moja ya joto alimtazama jasho la usoni, akafikiri sana, akamwacha apite, kwa kuwa hakuna aliyemwambia habari ya jasho.

Siku zilizofuata Mwanakombo akasuka makanda, vile vikapu vya ukangaga, akayajaza udongo wa mfinyanzi aliouchimba Bondeni, si udongo mweusi wa bustani wala samadi. Akazika humo viazi vya yungiyungi, lile ua ambalo majani yake huelea, na juu ya udongo akatandaza mawe madogo ili usichukuliwe na maji. Kila kanda akaliweka juu ya matofali, maji yakawa kiganja kimoja juu yake. Na majani yalipofika usoni pa maji akaondoa tofali moja, kanda likashuka, majani yakafuata, akaondoa jingine, mpaka kanda likakaa chini kabisa. Mafunjo, yenye mabua marefu na vishungi kichwani, akayapanda penye maji ya kifundo. Ukangaga akaupanda ukingoni, mizizi majini, kichwa juani. Jani lililogeuka njano alilikata kabla halijazama, akalitupa nje. Na nusu ya bwawa akaiacha wazi.

Sultani akaja akaona. "Kwa nini nusu ni tupu? Ninalipa bwawa zima."

"Bwana alitaka kutazama maji. Nikiyafunika yote, atatazama majani. Na maji yaliyofunikwa yote hukosa pumzi."

Sultani akakubali. Waziri, aliyekuwa nyuma yake, akaona kwamba mwanamke yule anasikilizwa, naye hakulipenda jambo hilo. Kesho yake akaleta fungu la matete kutoka ukingo wa mfereji wake, akasema ni zawadi yake kwa bwawa, akaamuru yapandwe. Mwanakombo akayapanda.

Ikaja kaskazi. Mto ukapungua, bwawa likashuka hadi magotini, na majani ya yungiyungi yakageuka njano, kisha rangi ya kahawia, kisha hayakuwapo. Waziri alilitazama bwawa kila asubuhi kwa furaha, na siku jani la mwisho lilipokwisha akamwita Sultani.

"Bwana, tazama. Imekufa."

Sultani akakasirika. "Ewe Mwanakombo, nilisema mimea isiyokufa."

"Haikufa, Bwana. Imelala."

"Imelala?"

"Mimi jana alasiri nilikuja mlangoni kuuliza habari ya udongo. Nikaambiwa Sultani amelala. Sikuita mchimba kaburi, nilirudi kazini."

Feruzi akageuza uso. Sultani naye aliumauma mdomo, lakini Waziri akasema, "Bwana, huyu anacheza na maneno. Mtu aliyelala hupumua. Huu mmea unapumua wapi?"

Mwanakombo akaingia topeni, akapapasa, akatoa kiazi kimoja cheusi. Akakichoma kwa ukucha, na ndani kilikuwa cheupe na utomvu ukatoka. Akamwonyesha Sultani. "Mfu hatoi utomvu. Mimi niliagizwa mmea usiokufa, sikuagizwa usiolala. Mmea usiolala haujaumbwa, wala sultani asiyelala." Akakirudisha kiazi topeni, akakifunika.

"Hadi lini?" akauliza Sultani.

"Hadi mvua zimwite aliyelala."

"Basi mvua za masika zikinyesha siku kumi bila jani kuonekana, utakwenda kulima mchicha."

Masika ikaja. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya saba hakuna kitu, na Waziri akatuma mtu gerezani kuuliza kama pana nafasi. Siku ya tisa asubuhi Feruzi alikwenda mbio hadi barazani, akasema, "Bwana, liko moja." Sultani akatoka bila kilemba. Katikati ya bwawa palikuwa na jani moja, ukubwa wa kisahani cha kahawa, na pembeni yake jingine bado limejikunja. Akaamuru aletewe kiti. Akaketi akatazama maji mpaka adhuhuri, na alipoulizwa na watu wa baraza kama kuna jambo, akasema hakuna, na kwamba ndiyo raha yake.

Katika masika ile matete ya Waziri nayo yakaamka, au tuseme hayakuwa yamelala. Yalipita chini ya tope, yakatokea katikati ya mafunjo, yakayasukuma mafunjo, yakaingia ile nusu iliyoachwa wazi. Mwanakombo akachukua kisu, akayakata yakabaki robo, akayang'oa mashina yaliyotambaa, akayatupa juani. Mafunjo yaliyonenepa akayagawa vilevile, nusu akaiacha, nusu akaipanda upande wa pili.

Waziri akaja juu. "Unakata zawadi yangu?"

"Sikati zawadi, Bwana Waziri. Nakata iliyozidi. Kinachonenepa kwa maji ya wenzake hukatwa, kisha wote hupona, na chenyewe pia."

Basi siku zikapita, na vuli ikakaribia. Huko Bondeni watu walikuwa wameanza kufunga mizigo. Bi Nunu alikwisha kuuza kinu chake. Kila jioni alimwona Mwanakombo akirudi na kaniki kavu, akamwuliza, "Vipi, shoga, mtoto wa Sultani hajambo?" na Mwanakombo akamjibu, "Hajambo. Ameota meno."

Wiki ya mwisho ya mwaka ule, Liwali wa Tumbini akaja tena Kiwambo. Sultani hakumpa hata nafasi ya kunawa miguu, akampeleka bustanini. Mayungiyungi yalikuwa yamefunguka. Liwali akayatazama, akayasifu, na Sultani akaona mwaka haukupotea bure. Kisha Liwali akamwona mwanamke ukingoni akisokota nguo juu ya maji, na askari amesimama mbele yake ameinamisha kichwa, anahesabu matone.

"Yule anafua?" akauliza.

"Hafui," akasema Sultani.

"Anafanya nini?"

Sultani akaanza kumwonyesha mafunjo. Liwali akamwita Feruzi, akamwuliza, na Feruzi, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akamweleza yote, tangu ukuta hadi tone.

Liwali akavuta pumzi kwa pua, akasema, "Na hii harufu?"

"Ni harufu ya bwawa."

"Ya bwawa lililofungwa. Kwangu maji huingia huku yakatoka kule. Mimi bwawa langu ni njia ya maji, Bwana wangu. Sikujua kwamba wewe ulitaka gereza la maji." Akaletewa kahawa, akanywa, hakusema zaidi, na Sultani akaona afadhali angesema.

Kesho yake mwaka ulitimia. Sultani akaketi barazani, mgeni kuumeni kwake, akaamuru Mwanakombo alipwe mbele ya watu wote, ili Liwali ajionee kwamba Kiwambo neno likitoka hushikwa. Hati ikaletwa. Waziri akaisoma, "Atatunzwa kama alivyoitunza mimea ya Sultani, hivyo hivyo, bila kuzidi wala kupungua." Kisha akaikunja, akageukia watu.

"Nimemtazama mwanamke huyu mwaka mzima," akasema. "Aliitia mimea tope. Akaiwekea mawe. Akaikata kwa kisu. Basi na atiwe tope hadi kiunoni, atwikwe mawe, na habari ya kisu tutaitazama."

Baraza likacheka. Liwali hakucheka. Sultani alikuwa ameanza kucheka, akamtazama Liwali, akaacha.

Mwanakombo akasema, "Waziri ameona vizuri, ila ameanza katikati. Kabla ya tope nilifanya nini?"

Kisha akamgeukia askari wa mlango.

"Feruzi, mwanangu, wewe ulikuwapo mlangoni. Siku ya kwanza nilifanya nini?"

"Ulipima maji kwa mguu, mama. Ukasema mmea hauhamishwi mpaka ujue maji yake."

"Basi na mimi nianziwe hapo. Kila mmea niliupa maji pale pale unapoishi, kwa kina chake, kila siku ya mwaka. Mimi naishi Bondeni. Na kina changu ni kifundo cha mguu, sitaki zaidi."

Waziri akasema kwa haraka, "Unatunzwa wewe. Bondeni haikuandikwa."

"Ni kweli, Bwana Waziri, ni mimi peke yangu. Lakini kibanda changu ni cha mwisho. Maji yakija kwangu yatapita kwanza kwa wenzangu, na siwezi kuwakataza wasiyaguse. Labda niazimwe Feruzi, ayakamue njiani."

Liwali akakohoa ndani ya kikombe.

"Tope nalikubali," akaendelea Mwanakombo. "Maji yakifika, tope huja lenyewe. Na mawe nayakubali, kwa kuwa niliiwekea mimea mawe ili udongo wake usichukuliwe na maji, na matuta yetu ya mpunga yamebomoka. Mawe yenyewe yapo, ni yale ya ukuta. Yateremshwe Bondeni, na kwa kuwa Waziri ndiye aliyeyakumbuka, asimamie kuyabeba."

"Na kisu?" akauliza Sultani. Alikuwa ameinama mbele kitini.

"Kisu sikukipitisha kwenye mmea mwembamba, Bwana. Nilikata kilichonenepa kwa maji ya wenzake. Mimi nitazame, sina cha kukatwa. Lakini uko mfereji."

"Mfereji gani?"

"Ule wa tahadhari."

Sultani akageuka akamtazama Waziri. "Unaishia wapi mfereji ule, Badawi?"

Waziri akatazama hati aliyoishika, lakini jibu halikuwamo.

Hapo Liwali wa Tumbini akashindwa, akacheka mpaka kahawa ikamwagika mkekani. Sultani akamwona mgeni wake ana kicheko kikubwa, na yeye hana. Basi naye akacheka, tena kwa sauti kupita ya Liwali, akasema kwamba tangu mwanzo alikusudia hivyo, na alikuwa akingoja tu kuona nani atagundua.

Akaamuru ukuta upunguzwe mpaka maji yateremke Bondeni kwa kina cha kifundo, mawe yabebwe, mfereji ufukiwe. Lakini Waziri, aliyekuwa ameshika hati, akaona nafasi ya mwisho. "Bwana, alitunza mwaka mmoja. Basi na yeye atunzwe mwaka mmoja, kisha ukuta urudi."

Baraza likaguna, maana maneno yale yalikuwa na kipimo. Mwanakombo akasema, "Sikuagizwa mimea ya mwaka mmoja. Bwana Waziri, kumbuka mbiu. Ilisema mimea isiyokufa, vuli hadi vuli ilikuwa ya kunijaribu. Nimeitunza isife. Basi na mimi nitunzwe nisife."

"Wewe utakufa kama watu wote," akasema Sultani.

"Ni kweli, Bwana. Sizidishi. Nitunzwe hadi nife."

"Hadi ufe," akasema Sultani, na ikaandikwa.

Mto ukateremka siku ile ile. Waziri Badawi aliyasimamia mawe siku kumi na moja, akiwa ameshika kanzu juu. Watu wa Bondeni wakafungua mizigo. Bi Nunu akaenda kukinunua tena kinu chake, na aliyekinunua akamwambia kimepanda bei. Wale watunza bustani watatu wakafunguliwa, ila mlinzi wa gereza alisikitika, kwa ajili ya mchicha. Na bwawa la Sultani halikukauka, wala yungiyungi halikupungua; maji yaliingia huku yakatoka kule, harufu ikaondoka, na Sultani akawaeleza wageni wake wote kwamba bwawa ni njia ya maji, maneno aliyoyatunga mwenyewe.

Mwanakombo aliishi miaka mingi. Alikwenda kulitunza bwawa kila wiki, na jioni alipopita mlangoni na kaniki iliyolowa, Feruzi alitazama mbinguni.

Kisha mwaka mmoja, wakati wa kaskazi, hakuonekana. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na Waziri, ambaye sasa alikuwa mzee na miwa yake mifupi, akaitoa hati kifuani mwake akaenda kwa Sultani. "Bwana, imeandikwa hadi afe." Sultani akamtuma Feruzi Bondeni kuuliza.

Feruzi akateremka. Akamkuta Bi Nunu mlangoni pake, anatwanga.

"Hodi, mama. Nimetumwa kumwulizia Mwanakombo."

"Amelala," akasema Bi Nunu. Hakuacha kutwanga.

"Tangu lini?"

"Tangu kaskazi ilipoanza."

"Ataamka lini?"

"Sisi tunajuaje, mwanangu? Mvua haijapata kunyesha ya kumwita."

Feruzi aliona nyuma ya kibanda cha mwisho, ukingoni pa mto, mahali palipochimbwa na kusawazishwa, pamepandwa ukangaga. Akarudi, akamwambia Sultani neno kama lilivyosemwa.

Sultani alikuwa ameketi penye bwawa. Mwezi ule maji yalikuwa yameshuka, na juu yake hapakuwa na jani hata moja. Akapatazama pale patupu kwa muda mrefu. Kisha akamnyang'anya Waziri hati, akaiketia.

"Amelala," akasema. "Mwache alale."

Hayo ndiyo yaliyonifikia. Mwenye shaka na ateremke Bondeni, akaulize katika kibanda cha mwisho kama Mwanakombo ameamka. Ila avue viatu kwanza, maana maji huko ni ya kifundo, hayazidi wala hayapungui.